Tuhesabu na Saa Zetu: Kazi ya Kutwa na Afya ya Moyo

(Hotuba ya Kamati ya Mfuko wa Jamii, iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi)



Waliotutangulia kusema wameeleza vizuri habari za hisa, mikopo, nyumba zilizoezekwa na watoto waliosomeshwa. Yote ni kweli na tunajivunia. Sisi wa Kamati ya Mfuko wa Jamii tumeombwa tuseme juu ya afya, na tutasema kwa ufupi, maana tunaona pilau imeshaiva.

Kazi yetu mnaifahamu. Mwenzetu akiugua tunakwenda kumwangalia, tunampelekea mkono wa pole, na tunaandika daftarini ni nini kilichomsibu. Kwa ajili ya leo tumelisoma daftari hilo upya toka mwanzo. Kurasa za kwanza zimejaa malaria, uzazi na misiba ya wazee wetu. Kurasa za karibuni yanajirudia maneno matatu: presha, kiharusi, moyo. Na waliopatwa si mabibi wa kukaa mkekani. Ni akina mama wa miaka 40 na kitu, 50 na kitu, wale wale ambao mtaa mzima unawasifu: "Mama yule mchapakazi, halali!"

Neno hilo ndilo tunalotaka kulisema leo. Fedha yetu ni halali, jamani, lakini mwenye fedha halali. Miaka 10 tumehesabu shilingi bila kukosea. Saa zetu hatujazihesabu hata siku moja.

HESABU YA SIKU MOJA

Hebu tuanze sasa hivi. Tumchukue mwenzetu mmoja anayeuza chakula. Jina hatutaji, kwa kuwa wako wengi humu ndani. Anaamka saa 10 alfajiri, anawasha jiko na kukanda unga. Saa 12 asubuhi chai na maandazi viko mezani. Saa 4 anainjika wali na maharage. Saa 6 hadi saa 9 ni wateja wa mchana. Baada ya hapo anaosha masufuria, anakwenda sokoni kununua vya kesho, anarudi, anafunga saa 11 jioni.

Toka saa 10 alfajiri mpaka saa 11 jioni ni saa 13. Tumtolee saa moja ya kukaa na kula, ingawa mnajua mara nyingi anakula amesimama. Zimebaki saa 12. Zidisha kwa siku 6, unapata saa 72 kwa wiki. Hapo hajafika nyumbani bado. Nyumbani kuna maji, kuna chakula cha usiku, kuna sare za shule, na pengine kuna mgonjwa wa kumuuguza. Analala saa 4 au saa 5 usiku, na saa 10 jiko linamwita tena.

Wenye cherehani msicheke. Zikikaribia sikukuu au shule kufunguliwa, taa yenu haizimwi. Wauza samaki mnaowahi Feri gizani, wasusi mnaosimama kutwa, nanyi pigeni hesabu yenu.

UTAFITI UNASEMAJE

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu ya pamoja kuhusu kazi ya saa nyingi. Walikadiria kwamba katika mwaka mmoja tu wa 2016, watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Waliokufa kwa kiharusi walikuwa 398,000, na kwa moyo 347,000. Ukilinganisha na mwaka 2000, vifo hivyo viliongezeka kwa asilimia 29.

Walisema pia kwamba mtu afanyaye kazi saa 55 au zaidi, akilinganishwa na yule wa saa 35 hadi 40, hatari yake ya kupata kiharusi imezidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo imezidi kwa asilimia 17. Tueleweshane hapa, maana asilimia huwa zinatupoteza. Hii haina maana kwamba kati ya akina mama 100 wa aina yetu, 35 watapooza. Maana yake ni kwamba penye watu ambao wangetoa wagonjwa 100 wa kiharusi kama wangefanya kazi kwa kiasi, sasa watatoka 135. Hao 35 wa ziada ndio wanaoletwa na saa za kazi.

Jambo jingine katika hesabu hiyo ni la kutisha kwa sisi tunaojua mikopo. Wengi waliokufa walikuwa na miaka 60 hadi 79, na kazi hiyo ndefu waliifanya walipokuwa na miaka 45 na kuendelea. Yaani deni la saa halidaiwi siku ile ile. Linakaa kimya, linazaa riba, halafu linadai kwa mkupuo mmoja wakati ule ambao ungetaka ukae barazani ucheze na wajukuu.

Atatokea mtu aseme, "Lakini waliokufa wengi si wanaume?" Ni kweli, karibu watatu katika kila wanne walikuwa wanaume. Lakini kilichohesabiwa pale ni kazi ya kipato. Maji, kuni, kupika nyumbani, kufua na kuuguza havikuwekwa kwenye mizani. Mwanamke akiingizwa na saa hizo, mizani itakuwa nyingine. Tena magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoongoza kuua wanawake duniani. Tusidhani ni ugonjwa wa mzee mnene mwenye gari.

Wajapani wanalo neno maalumu la kifo cha namna hii: karoshi, yaani kufa kwa kazi kupita kiasi. Kisa cha kwanza kilichoandikwa ni cha mwaka 1969, kijana wa miaka 29 aliyefanya kazi katika idara ya kusafirisha magazeti, akafa kwa kiharusi. Familia za marehemu wa aina hiyo, wajane wakiwamo, zilidai haki miaka mingi, na mwaka 2014 Bunge la Japani likapitisha sheria ya kuzuia vifo hivyo.

Hata hapa kwetu Tanzania sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiriwa asifanye kazi za kawaida zaidi ya saa 45 kwa wiki, wala zaidi ya saa 9 kwa siku. Akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe mapumziko ya dakika 60. Kila wiki apate saa 24 za kupumzika. Vizuri sana. Sasa tuulizane: mama ntilie mwajiri wake nani? Ni yeye mwenyewe. Hakuna afisa kazi atakayekuja gengeni kumwambia, "Mama, saa zako zimekwisha, keti." Hapana budi tuambiane wenyewe, na kikundi ndicho mahali pa kuambiana.

MOYO WENYEWE UNAPUMZIKA

Moyo wa mtu ni kama ngumi yake. Ukipiga mara 70 kwa dakika, kwa saa moja umepiga mara 4,200, na kwa siku mara 100,800. Hauna Jumapili wala Ijumaa. Kwa hiyo watu husema moyo haupumziki. Si kweli. Moyo hupumzika kati ya pigo na pigo, na katika mapumziko hayo mafupi ndipo sehemu kubwa ya damu ya kuulisha moyo wenyewe hupita katika mishipa yake. Ukisukuma, unawalisha wengine: ubongo, mikono, figo. Ukitulia, unakula wewe. Mapigo yakienda mbio kutwa kucha, nafasi ya moyo kujilisha inapungua. Akina mama, moyo umeumbwa na akili kuliko sisi tunaopakua sahani zote halafu tunakwangua ukoko.

Kazi ndefu inauharibu moyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya ndani ya mwili. Ukiwa na haraka na wasiwasi, mwili unamwaga kemikali za kukuandaa kupigana au kukimbia. Mapigo yanakwenda mbio, mishipa inabana, presha inapanda. Kwa nusu saa haina neno. Kwa miaka 10, kuta za mishipa zinakuwa ngumu na moyo unachoka kusukuma. Kwa kawaida usiku mtu akilala presha hushuka kwa asilimia 10 hadi 20, na mishipa inapata nafuu. Asiyelala ameinyima mishipa yake nafuu hiyo.

Njia ya pili ni mazoea yanayokuja na kazi yenyewe. Mtu aliyechoka anakula kilichopo: chapati ya mafuta, soda, chumvi nyingi ili chakula kipite. Zahanati haendi, kwa sababu kule foleni na huku biashara. Dawa anasahau. Kwa anayepikia mkaa na kuni kuna na moshi, na moshi ule haukomei kifuani, unadhuru na moyo. Mwingine anachukua kitu kidogo cha kuchangamsha au cha kulazia usingizi. Hatumnyooshei mtu kidole, lakini tunajuana.

MANENO YA MTAANI

Katika kuwatembelea wagonjwa tumesikia mengi. Machache tuyajibu.

"Presha yangu naijua, ikipanda nasikia kichwa." Si hivyo. Wengi wenye presha hawasikii kitu chochote. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawakujua kuwa wanayo. Presha inajulikana kwa kupima, basi.

"Nilipewa dawa, nikapata nafuu, nikaacha." Nafuu ile ni kazi ya dawa. Ukiacha bila kuambiwa na mganga wa hospitali, presha inarudi palepale, na wewe hujui.

"Jirani ana vidonge vya presha, kanigawia." Dawa za presha ni za aina nyingi, na kinachomfaa yeye chaweza kukudhuru wewe. Tugawiane chumvi, vidonge hapana. Na hiyo chumvi yenyewe tuigawiane kidogo: kwa mtu mzima isifike kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo kwenye vikolezo vya dukani.

"Mimi natembea na kubeba mizigo kutwa, moyo wangu ni imara." Kutembea ni kuzuri sana. Lakini kubeba ndoo na gunia umechoka, huku unawaza rejesho, bila kupumzika wala kulala, hakumpi mtu afya anayoipata mwenye kutembea kwa raha yake.

"Kifafa cha mimba kilishapita, nilipojifungua kikaisha." Mama aliyewahi kupata kifafa cha mimba, au presha wakati wa ujauzito, ana hatari kubwa zaidi ya kupata presha na ugonjwa wa moyo miaka ya baadaye. Huyu apime mara nyingi kuliko wengine, na amweleze mganga habari hiyo hata kama mtoto mwenyewe sasa ana ndevu.

TUFANYE NINI

Ndugu Mwenyekiti, tusingependa kuwatisha watu halafu tukae. Tunajua swali lililo vichwani mwenu: "Tukilala, tutakula nini? Na rejesho je?" Swali ni la haki. Umaskini nao unaua moyo, na hatuwezi kumwambia mwenye watoto watano afunge genge saa 6 mchana. Tunachoomba ni kupunguza saa pale zinapopotea bure, na kulinda usingizi kama tunavyolinda sanduku letu la funguo tatu. Kamati inaleta mapendekezo matano, tuyajadili mkutano ujao.

La kwanza, tununue kwa pamoja. Leo wauza chakula wote wa kikundi wanaamka alfajiri, kila mmoja na nauli yake, kwenda soko lilelile kununua mchele na nyanya zilezile. Wakienda wawili kwa zamu kwa niaba ya wenzao, waliobaki wanalala saa moja au mbili zaidi, na bei ya jumla ni nafuu.

La pili, ratiba ya rejesho. Mwenye biashara inayozunguka kila siku arejeshe kila wiki kama anavyopenda. Mwenye cherehani au kuku apewe nafasi ya kurejesha kwa mwezi. Na mwanachama mwenye cheti cha daktari asogezewe tarehe bila faini. Wanaokesha ili kuiwahi Alhamisi ya kikundi wanajulikana. Kikundi kilianzishwa kumwinua mama, kisije kikawa ndicho kinachomnyima usingizi.

La tatu, Mfuko wa Jamii ununue kipimo cha presha cha mkononi, kile cha kujifunga juu ya kiwiko. Kila mkutano wa mwezi tupimane kabla ya kufungua sanduku. Mtu akae kitako dakika 5, ameegemea, mkono uko mezani usawa wa moyo, hajatoka kubeba mzigo, hazungumzi. Apimwe mara mbili. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, hata kama ni namba moja tu iliyozidi, arudiwe siku nyingine, na ikibaki hivyo aende kituo cha afya. Ikifika 180 kwa 120 na mtu ana maumivu ya kifua, anahema, haoni vizuri au amechanganyikiwa, hapo hakuna kusubiri kesho. Namba ziandikwe kwenye kadi yake mwenyewe, na ziwe siri yake.

La nne, kila mwanachama achague siku moja kamili ya kupumzika katika wiki, aitangaze mbele ya wenzake, nasi tumuulize kama tunavyoulizana hisa. Mwajiriwa amepewa siku hiyo kisheria. Sisi tujipe kwa mdomo wetu.

La tano ni lenu, akina baba na vijana wetu wa kiume. Hatukuwaalika leo kula pilau tu. Ndoo ya maji haina jinsia. Kijana akiosha vyombo na baba akiwalaza watoto, mama anapata saa moja ya usingizi kila usiku, na kwa wiki ni saa 7. Hakuna dawa ya duka itakayompa hizo.

DALILI ZA KUKUMBUKA

Tumeomba mhariri wa kijitabu aziweke hapa ili mtu akate ukurasa abandike ukutani.

Kiharusi: uso umeshuka upande mmoja, mkono au mguu umekufa ganzi au hauna nguvu, maneno hayatoki au hayaeleweki. Mwone akitabasamu, mwambie anyanyue mikono yote miwili, mwambie aseme jina lake. Likishindikana hata moja, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Msimpe chakula wala kinywaji, na msipoteze muda mkimsugua mafuta.

Moyo: maumivu au mbano kifuani, pengine yakienda mkononi, mgongoni, shingoni au kwenye taya. Kwa wanawake mara nyingi pia yanakuja kuhema, kichefuchefu, jasho la baridi na uchovu usio wa kawaida. Wengi husema "ni gesi tu" au "ni uchovu". Mama mchapakazi asiyewahi kulalamika akisema leo amechoka ajabu, msikilizeni.

Ndugu Mwenyekiti, Mgeni Rasmi na wote mliotusikiliza, katika miaka 10 kikundi kimetufundisha kwamba kidogo kidogo hujaza kibaba. Usingizi nao unawekwa hivyo hivyo, saa moja leo, saa moja kesho. Tumezika wenzetu waliokuwa na hisa kamili na hawakuzifaidi. Katika sherehe ya miaka 20 tunataka kuwaita majina wote walio ukumbini leo, na kila mmoja aitike mwenyewe.